Programu ya hoteli kutoka Windows kwenda Linux: niihamishe yenyewe au niiache iendeshwe kwa Wine?

FundiMalindi

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Ninauza programu ya kusimamia hoteli ndogo na nyumba za wageni hapa Malindi, na baadhi ya wateja wangu wako Watamu na Lamu. Programu hiyo huandikisha vyumba, hutunza hesabu ya kila mgeni, huchapisha risiti na ankara, na kila jioni hutoa ripoti ya mapato. Niliiandika kwa Delphi 7, zana ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal; data zake zimo katika majedwali ya Paradox yanayofikiwa kupitia BDE, yaani programu ya kati ya kusoma na kuandika data, na ripoti zote nimezijenga kwa zana iitwayo QuickReport. Anayezifahamu zana hizo atajua mara moja kwamba ni za zamani, lakini wateja wameizoea programu na haijawahi kuniaibisha.

Tatizo limekuja baada ya Microsoft kusitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mapokezi katika hoteli hizi zilinunuliwa mitumba, na Windows 11 inazikataa, ama kwa sababu prosesa zake ni za kizazi cha zamani, ama kwa sababu hazina TPM 2.0, kile kijenzi cha usalama. Wenye hoteli hawaoni kwa nini wanunue mashine mpya ilhali zilizopo zinawaka na kufanya kazi, hasa katika miezi ambayo wageni ni haba. Wengine wameshawekewa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na vijana wao, kisha wakanipigia simu kuuliza toleo lake litapatikana lini.

Ninaona njia mbili. Ya kwanza ni kuihamisha programu yenyewe, yaani kuuchukua msimbo wote, kuupeleka kwenye Lazarus na Free Pascal, zana za Pascal zenye msimbo wazi, na kutoa toleo la Linux hasa. Ya pili ni kuiacha faili ileile ya Windows na kumwelekeza mteja aiendeshe ndani ya Wine, programu inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, au ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta. Njia ya kwanza itakula muda ambao hakuna mteja atakayenilipa. Ya pili inaonekana rahisi kiasi cha kunitia shaka. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kusimamia programu ya kibiashara kwa njia yoyote kati ya hizo, na hasa nijue nani hubeba lawama mambo yanapokwama, kwa maana mteja wa Lamu akikwama usiku siwezi kumfikia mpaka nipande gari hadi Mokowe na nivuke kwa boti.

BintiMkomani

Waalaykum salaam, Ndugu Fundi. Mimi siuzi programu. Ninatunza kompyuta za nyumba kadhaa za wageni hapa Lamu mjini na Shela, na ndiye ninayeamshwa risiti inapokataa kutoka, kwa hiyo nitakujibu kwa upande huo.

Mashine pepe iondoe kwenye hesabu mapema. Ndani yake mteja atahitaji Windows nzima pamoja na leseni yake, na Windows hiyo itakuwa ileile iliyosimamishiwa msaada, ila sasa imefichwa nyuma ya dirisha. Isitoshe, kompyuta yenye RAM ya GB 4 ikibebeshwa mifumo miwili kwa wakati mmoja, mhudumu wa mapokezi atabaki kutazama skrini huku mgeni amesimama na mizigo yake.

Wine ni jambo jingine, na ni vyema tuitenganishe na uigaji hasa. Emuleta ya kweli, kama zile zinazoendesha programu iliyotengenezwa kwa prosesa ya aina nyingine, husoma amri za mashine hiyo na kuzigeuza kuwa amri za mashine iliyopo, na kazi hiyo hula nguvu. Wine haiigi prosesa. Programu yako ya Windows inaendeshwa moja kwa moja na prosesa ya kompyuta. Kinachobadilika ni zile maktaba ambazo programu huziita ili ifungue faili, ichore dirisha au ichapishe, kwa kuwa Wine ina maktaba zake zilizoandikwa upya ili kazi hiyo ifanywe na Linux. Kwa hiyo usiogope kasi. Ogopa mahali ambapo maktaba hizo hazilingani kabisa na za Windows, na katika programu za hoteli mahali hapo karibu kila mara ni kwenye kuchapisha.

Nitatoa mfano. Katika nyumba moja hapa tuliweka kwa Wine programu ya mauzo, isiyo yako, na skrini zote zikafunguka vizuri. Tulipochapisha ankara, safu ya jumla ikawa inamezwa tarakimu ya mwisho, hivyo shilingi 14,500 ikasomeka 14,50. Kasoro haikuwa katika programu wala katika printa: kompyuta haikuwa na fonti ya Arial, Wine ikachukua fonti nyingine yenye herufi pana zaidi, na maandishi yakavuka mpaka wa kisanduku chake. Tuliweka fonti za Liberation, ambazo upana wa herufi zake umelinganishwa na wa Arial, Times New Roman na Courier New, na ankara zikakaa sawa. Printa ya risiti nayo ilikuwa imeunganishwa kwa adapta ya USB inayojitokeza kama bandari ya COM, yaani tundu la zamani la kuunganishia vifaa. Wine huweza kuipa bandari hiyo jina la COM1 kwa kuifunga na faili ya kifaa iliyo chini ya /dev, lakini katika Ubuntu na Debian mtumiaji asipotiwa katika kundi la dialout, programu itashindwa kuifungua, na mhudumu atakupigia simu kukuambia kwamba printa imekufa.

Mambo ya namna hii hutatuliwa mara moja, yakaandikwa, yakaisha. Lisilo na dawa rahisi ni hili: ikiwa leseni yako inalindwa na kile kifaa cha kuchomeka kwenye USB chenye draiva yake ya Windows, usiitegemee Wine, kwa sababu draiva za aina hiyo hukaa ndani ya kiini cha mfumo, na huko Wine haifiki.

MzeeWaPascal

Mwanangu Fundi, Bi Mkomani ameyaeleza vyema mambo ya utendaji, nami sina la kumwongezea. Lakini lile neno lako la mwisho, la nani hubeba lawama, ndilo swali lenyewe, na watu wengi hulipita mbio.

Programu inayotegemea tabaka la mwingine ni kama mpangaji: nyumba inaweza kuwa nzuri na kodi ndogo, lakini siku ya kuhama haipangwi na yeye. Apple ilipohamia prosesa za Intel mwaka 2006 ilitoa Rosetta ili programu zilizoandikwa kwa PowerPC, prosesa zake za awali, ziendelee kufanya kazi, na waliokuwa na programu za zamani wakapata mahali pa kujisitiri. Mac OS X 10.7 ilipotoka mwaka 2011, Rosetta haikuwamo tena. Rosetta 2, iliyokuja mwaka 2020 kwa ajili ya prosesa za Apple yenyewe, imeshapewa mwisho wake: mwaka 2025 Apple ilitangaza kwamba itapatikana kikamilifu hadi macOS 27. Wine haimilikiwi na kampuni moja, na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo haiwezi kufungwa kwa tangazo la namna hiyo. Lakini hubadilika, na toleo jipya linaweza kuharibu jambo lililokuwa likifanya kazi katika toleo la jana.

Vijana hupenda kutaja OS/2, mfumo wa kompyuta wa IBM, katika mijadala hii, na nadhani aghalabu huitumia vibaya. IBM ilitoa OS/2 2.0 mwaka 1992 ikiwa na uwezo wa kuendesha programu za DOS na za Windows za wakati huo, tena ikajigamba kwamba inaziendesha vizuri zaidi kuliko Windows. Mwenye kampuni ya programu akapiga hesabu yake: akiandika toleo la Windows pekee, atawauzia watu wa pande zote mbili. Windows 95 ilipoingia na programu zake za biti 32, OS/2 ikashindwa kuziendesha, na programu zake yenyewe zilikuwa chache mno kuwazuia watu wasiondoke. Hasara hiyo ilimwangukia mwenye mfumo. Muuza programu, yaani mtu kama wewe, hakupoteza chochote kwa kutegemea ukarimu wa IBM. Kwa hiyo anayekutisha kwa OS/2 anakupa somo la mtu mwingine.

Mfano unaokufaa ni kampuni ya Corel. Walikuwa na WordPerfect 8, programu ya kuandikia, iliyohamishwa Linux yenyewe, kisha mwaka 2000 wakatoa WordPerfect Office 2000 iliyoendeshwa juu ya Wine, kwa sababu kuuhamisha msimbo mzima wa ofisi kulikuwa kazi kubwa. Watumiaji wakalalamika kwamba ni nzito na haitulii, na haukupita muda mrefu kampuni ikajitoa katika biashara ya Linux. Aliyelaumiwa ni Corel, ingawa kasoro nyingine zilikuwa za Wine. Mteja anaona jina lililo kwenye boksi. Hajui wala hataki kujua kilicho chini yake. Hilo ndilo jibu la swali lako la lawama: ni yako, kwa njia zote mbili.

Hata hivyo, usidhani kwamba kuhamisha ni kuwa huru. Sisi watu wa Pascal tuna kumbukumbu ya Kylix, ambayo Borland, wenye Delphi, ilitoa mwaka 2001 ili wenye programu za Delphi wazipeleke Linux. Programu zilizotoka humo zilikuwa za Linux hasa, ingawa mazingira yenyewe ya kuandikia yaliendeshwa kwa maktaba za Wine. Toleo la mwisho lilitoka mwaka 2002, kisha kimya, na waliojenga juu yake wakaachwa kwenye mataa. Lazarus imedumu kwa kuwa msimbo wake uko wazi na wanaouhudumia hawangoji idhini ya mtu, lakini ukihamia huko ujue unaingia wapi. Fomu zako za DFM, yaani faili za Delphi zinazoeleza skrini, zitageuzwa kuwa LFM za Lazarus, na kwa sehemu kubwa hilo litakwenda vizuri. QuickReport itabaki nyuma, kwa hiyo kila ripoti utaichora upya. Faili ambayo msimbo wako unaiita WAGENI.DB wakati kwenye diski imeandikwa Wageni.db haitaonekana, kwa sababu Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, ilhali Wine ilikuwa ikikufichia jambo hilo.

Halafu kuna majina. Delphi 7 huhifadhi maandishi kwa baiti moja kwa kila herufi kulingana na mpangilio wa Windows, na Lazarus hutumia UTF-8, mpangilio ambao herufi moja huweza kuchukua baiti zaidi ya moja. Majina yetu hayatakusumbua, kwani hayana alama juu ya herufi. Lakini hoteli ya Malindi ina wageni Waitaliano, na jina la Niccolò lililoandikwa miaka iliyopita lina ò iliyowekwa kwa baiti moja ambayo kwa UTF-8 si halali peke yake. Bila kugeuzwa litatokea na alama ya kuuliza au kisanduku, na mgeni anayerudi hataonekana katika utafutaji. Wateja wenye kumbukumbu za miaka mingi ndio watakaokugundua kwanza.

MwanaWatamu

Kwa heshima zote kwa Mzee, mifano ya mwaka 2000 inaionea Wine. Mradi huo ulianza mwaka 1993 na toleo la 1.0 halikutoka hadi Juni 2008, kwa hiyo Corel walijenga juu ya kitu ambacho waundaji wake wenyewe hawakukiita kimekamilika. Tazama upande wa michezo ya kompyuta, ambako jaribio hili limefanywa kwa fedha nyingi kuliko mahali pengine popote.

Loki Software ilianzishwa mwaka 1998 ikinunua haki za kuhamisha michezo ya Windows kwenda Linux, kazi yake ikasifiwa, na Januari 2002 ikafunga milango. Toleo la Linux lilikuwa likifika baada ya wengi kununua la Windows, na waliosubiri walikuwa wachache. Kampuni ya Valve nayo ilipoleta Steam, duka lake la michezo, kwenye Linux mwaka 2013 iliwahimiza watengenezaji wahamishe michezo yao. Wengine walihamisha, kisha wakayasahau matoleo hayo huku lile la Windows likiendelea kupata marekebisho. Mwaka 2018 Valve wakageuka na kutoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine na DXVK, ambayo hugeuza michoro ya Direct3D, ya Windows, kuwa ya Vulkan, inayofanya kazi pia kwenye Linux. Leo Steam Deck, kifaa cha Valve cha kuchezea kilichotoka mwaka 2022, huendesha michezo mingi ambayo wenyewe hawakuwahi kuandika hata mstari mmoja kwa ajili ya Linux, na kuna michezo ambayo wachezaji huchagua toleo la Windows kupitia Proton na kuliacha la Linux, kwa kuwa lile la Linux limechakaa.

Toleo lililohamishwa likiachwa bila kutunzwa ni baya kuliko toleo la asili linaloendeshwa kwa Wine. Ndugu Fundi, wewe ni mtu mmoja. Ukiwa na misimbo miwili, kila mabadiliko ya kodi au ya bei za msimu utayafanya mara mbili, na mojawapo litachelewa. Sijui ni lipi, lakini wateja wa Linux wakiwa wachache naweza kukisia.

Nakubaliana na Mzee katika jambo moja: Valve waliweza kwa sababu waliwalipa watu wairekebishe Wine yenyewe ilipokwama. Wewe hutaweza kufanya hivyo. Utakachoweza ni kuchagua toleo moja la Wine, kulijaribu kikamilifu, kulifunga pamoja na programu yako katika kisakinishi kimoja, na kutomruhusu mteja alibadilishe. Google walifanya hivyo kwa Picasa, programu yao ya picha, mwaka 2006: aliyeipakua kwa Linux alipata Wine iliyoandaliwa ndani yake, hakuombwa aitafute mwenyewe. Kumwambia mteja asakinishe Wine kisha ajaribu bahati yake si kuuza programu.

FundiMalindi

Nawashukuru nyote kwa kulichukulia swali langu kwa uzito. Niongeze mambo mawili yanayoweza kubadilisha ushauri. Leseni yangu haitumii kifaa cha USB, ni faili ya ufunguo tu, kwa hiyo alilolitaja dada wa Mkomani halinigusi. Lakini katika hoteli kadhaa kuna kompyuta mbili, ya mapokezi na ya ofisini, zinazotumia majedwali yaleyale kupitia mtandao wa ndani. Mwenye hoteli mmoja anataka ya mapokezi iwe Linux, na ya ofisini ibaki Windows.

MzeeWaPascal

Hilo la kompyuta mbili lingetajwa mwanzoni, mwanangu, kwa maana linanifanya nipange upya yote niliyoyasema.

BDE huongoza kufuli za majedwali ya Paradox, zinazozuia watu wawili kubadilisha rekodi moja kwa wakati mmoja, kupitia faili iitwayo PDOXUSRS.NET, na kompyuta zote zinazoshiriki data lazima zielekezwe kwenye faili hiyo hiyo moja. Hata kwenye Windows tupu mpango huo ni dhaifu: umeme ukikatika katikati ya kuandika, kielezo cha jedwali huweza kuharibika. Ukiweka upande mmoja Wine, ambamo herufi za diski ni viungo vinavyoelekezwa kwenye folda za Linux, na upande wa pili Windows inayosoma folda hiyo kupitia mtandao, unaongeza tabaka juu ya tabaka mahali ambapo makosa hayajionyeshi papo hapo. Mapokezi watampa mgeni chumba namba 6, na ofisi nayo itampa mwingine chumba hicho hicho. Mimi nisingeuza mpango huo kwa mtu yeyote, kwa Wine wala kwa toleo lililohamishwa.

Kwa hiyo anza na data, kabla ya kukata shauri juu ya lile jingine. Ipeleke kwenye Firebird, seva ya hifadhidata iliyotokana na msimbo wa InterBase 6 ambao Borland iliufungua mwaka 2000. Seva yake huendeshwa kwenye Linux na kwenye Windows bila mwigaji wala mkalimani, na kufuli zitasimamiwa na seva moja badala ya faili zinazoviziana kupitia mtandao. Tumia komponenti za Zeos, za kuunganisha programu na hifadhidata, kwa sababu zinafanya kazi katika Delphi 7 na pia katika Lazarus, hivyo sehemu hiyo ya msimbo hutaiandika mara mbili. Yale majina ya Waitaliano yageuze kuwa UTF-8 wakati huohuo wa kuhamisha, na kila muunganisho uutajie mpangilio wa herufi unaoutumia, kwa kuwa Delphi 7 itaendelea kusoma kwa baiti moja na seva ndiyo itakayogeuza.

Kazi hiyo utaifanya kwenye Windows, kwa zana unazozijua, na wateja wako wote watafaidika nayo, pamoja na wale ambao hawatagusa Linux kamwe. Unaweza hata kuwatoza kama toleo jipya, jambo ambalo kwa kuhamia Linux pekee lingekuwa gumu kulieleza. Ikiisha, kitakachobaki kuendeshwa kwa Wine ni skrini na ripoti tu, na hapo nakubaliana na MwanaWatamu bila kinyongo. Ripoti zichore upya kidogo kidogo kwa zana yenye toleo la Lazarus pia, kama FastReport. Siku utakapotaka kuhamisha programu nzima, utakuwa umebakiwa na fomu.

MwanaWatamu

Sina ugomvi na hilo. Ningeongeza tu kwamba katika mkataba wa msaada uandike waziwazi toleo la Linux na toleo la Wine uliloliahidi, kwa namba zake, na useme kwamba mengine unayajaribu kwa hisani. Bila maandishi hayo, kijana wa mwenye hoteli atasasisha mfumo Ijumaa jioni na wewe utapigiwa simu Jumamosi asubuhi.

FundiMalindi

Basi nitaanza na Firebird, na kompyuta ya mapokezi ya yule mwenye hoteli itabaki Windows mpaka kazi hiyo iishe. Dada wa Mkomani, kuna nyumba huko Lamu ambayo ingekubali kufanyiwa majaribio ya toleo la Wine, hasa kwa upande wa printa? Hapa Malindi nina printa za aina moja tu.

BintiMkomani

Ipo. Nyumba mojawapo ninayoitunza Shela hufungwa wakati wa masika, na mwenyewe ameniruhusu niishughulikie kompyuta yake ilimradi irudi mahali pake kabla ya wageni wa Julai. Ina printa ya risiti ya milimita 80 iliyounganishwa kwa USB moja kwa moja, bila adapta, na ya ankara ni ya leza inayochapisha kupitia CUPS, mfumo wa Linux wa kuchapisha. Nitumie kisakinishi pamoja na nakala ya data ya uongo yenye majina marefu na kiasi cha fedha chenye tarakimu saba, maana maandishi marefu ndiyo yaliyo rahisi kukatwa. Ninaomba pia uandike ndani ya programu mahali pa kuonyesha toleo la Wine inayoendeshwa nayo, ili mtu wa mapokezi anisomee kwa simu bila kufungua kitu kingine.